Picha Inayosomeka: Historia ya Faili la XBM

Chukua daftari la hesabu, lile la miraba ambalo wengi wetu tulijifunzia kupanga namba tukiwa darasa la kwanza. Kwa penseli, zungushia miraba minane kwenda kulia na minane kwenda chini. Mstari wa kwanza, tia kivuli mraba mmoja wa pembeni kabisa kushoto. Mstari wa pili, miwili. Wa tatu, mitatu. Wa nne, minne. Wa tano, mitano. Mstari wa sita rudi kwenye mitatu. Wa saba tia wa kwanza, ruka wa pili, kisha tia wa tatu na wa nne. Wa nane tia wa nne peke yake. Sasa liweke daftari mbali kidogo ulitazame. Umechora mshale, ndugu mdogo wa ule unaotembea kwenye skrini kila unaposogeza kipanya.

Mshale upo kwenye daftari. Utauingizaje kwenye kompyuta? Na ukishaingia, utamtumiaje mwenzako aliye chuo kingine, mwenye kompyuta ya kampuni nyingine, ambayo hata namba inazipanga kwa utaratibu wake? Katikati ya miaka ya 1980, vijana wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walilijibu swali hilo kwa njia nyepesi mno. Waliiandika picha kama maandishi ya kawaida, mtu yeyote aweze kuifungua na kuisoma. Jibu lao likaja kuitwa XBM. Picha ya kwanza ninayoikumbuka kuielewa mpaka ndani kabisa ilikuwa ya aina hii, ndiyo maana nataka kuisimulia tangu mwanzo.

Mshale na miraba yake

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona: kipanya, na alama inayofuata mwendo wake kwenye skrini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, maabara ya Xerox PARC huko California ilitengeneza kompyuta ya Alto. Skrini yake ilikuwa shamba la nukta 606 kwa 808, kila nukta nyeusi au nyeupe. Kielekezi chake kilipewa uwanja wa nukta 16 kwa 16.

Uwanja mdogo namna hiyo una masharti yake. Jaribu kwenye daftari lako kuchora mshale uliosimama wima: kingo zote mbili zitakuwa ngazi, na ncha itakuwa butu. Ulaze upande kidogo, na ukingo wa kushoto unanyooka kama rula, wa kulia unashuka kwa hatua zilizo sawa, na ncha inabaki mraba mmoja mkali. Mshale uliolala ndio tulioachiwa mpaka leo.

Hukohuko California, mwaka 1983, msanii Susan Kare aliajiriwa na Apple kuchora alama za kompyuta ya Macintosh, iliyotoka Januari 1984. Alianza kazi yake kwenye daftari la miraba, akikata viwanja vya 32 kwa 32 na kujaza mraba mmoja mmoja kwa mkono. Daftari hilo leo limehifadhiwa na jumba la makumbusho la sanaa la MoMA, New York. Kwa hiyo pale tulipoanzia, na daftari la darasa la kwanza, ndipo na mabingwa walipoanzia.

Herufi inayofuata W

Mwaka 1983 chuo cha MIT, kikishirikiana na kampuni za DEC na IBM, kilianzisha Project Athena, mradi wa kuwapa wanafunzi wake kompyuta zenye picha na madirisha, zilizounganishwa kwa mtandao. Kikwazo kilikuwa wingi wa aina. Kompyuta za DEC zilikuwa na tabia zake, za IBM zake, na programu iliyoandikwa kwa skrini moja haikuweza kuhamia nyingine.

Wakati huohuo, Robert Scheifler wa maabara ya sayansi ya kompyuta ya MIT alihitaji skrini nzuri ya kufuatilia makosa kwenye mradi wake. Kutoka Chuo Kikuu cha Stanford alipata mfumo wa madirisha ulioitwa W, kazi ya Paul Asente na Brian Reid. Aliubadilisha sana, hasa ili programu isilazimike kusubiri jibu kwa kila neno inalolituma kwenye skrini. Mfumo mpya ulihitaji jina, naye akachukua herufi inayofuata. Tarehe 19 Juni 1984 aliwatangazia wenzake kwamba X ipo. Alifanya kazi hiyo bega kwa bega na Jim Gettys, mfanyakazi wa DEC aliyekuwa Project Athena.

X ilikua haraka. Ilipofika toleo la 10, mwishoni mwa 1985, ilianza kuenea kwa upana nje ya MIT. Toleo la 11 lilitolewa tarehe 15 Septemba 1987, na namba hiyo ya 11 haijabadilika tangu siku hiyo. X11 ndiyo iliyobeba madirisha ya kompyuta za Unix kwa miongo, na baadaye za Linux.

Mfumo wa madirisha hauendi bila picha ndogondogo. Unahitaji mshale, msalaba wa kulengea, alama ya dirisha lililofungwa, na nakshi ya kutandika nyuma ya madirisha. Zote zilihitaji pa kukaa. Watu wa X walikuwa wanaandika programu zao kwa lugha ya C, na msimbo huo ndio waliokuwa wanapelekeana kwa mtandao na kwa kanda. Basi wakaamua picha nazo ziwe msimbo wa C.

Mistari michache tu

Huu hapa mshale wa daftari lako, umeandikwa kwa XBM:

#define mshale_width 8
#define mshale_height 8
#define mshale_x_hot 0
#define mshale_y_hot 0
static unsigned char mshale_bits[] = {
   0x01, 0x03, 0x07, 0x0f, 0x1f, 0x07, 0x0d, 0x08 };

Hilo ni faili zima, halina kingine kilichofichwa. Mstari wa kwanza unataja upana, wa pili urefu. Neno "mshale" ni jina nililolichagua mimi. Ungeweza kuandika "embe" au "jahazi" na kompyuta isingejali.

Mistari miwili inayofuata ndiyo inayokitenganisha kielekezi na picha nyingine yoyote. Mshale una miraba mingi, lakini ukibofya, kompyuta inataka kujua ni mraba upi hasa uliogusa. Namba hizo mbili zinautaja: safu ya 0, mstari wa 0, yaani ncha yenyewe. Kwa msalaba wa kulengea, ungetaja mraba wa katikati. Picha isiyotumika kubofyea, kama alama ya dirisha, haihitaji mistari hiyo na huachwa bila.

Kisha zinakuja namba nane, moja kwa kila mstari wa daftari. Ipe kila safu thamani yake, kuanzia kushoto: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Jumlisha thamani za miraba yenye kivuli. Mstari wa tano una miraba mitano: 1 na 2 na 4 na 8 na 16, jumla 31. Kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 huendelea kwa herufi a mpaka f, 31 ni kumi na sita moja na kumi na tano, ndiyo 1f. Mstari wa saba una 1 na 4 na 8, jumla 13, nayo huandikwa 0d. Ile 0x ya mbele ni alama tu ya kusema kwamba namba inayofuata ni ya hesabu hiyo.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi mara ya kwanza. Namba ya sufuri na moja, tukiiandika tulivyozoea, huweka thamani ndogo kulia. XBM inaweka thamani ndogo kushoto. Ukiziandika namba hizi kwa sufuri na moja na kuzipanga moja chini ya nyingine, mshale unatokea umegeuka kama kwenye kioo. Aliyezoea kusoma khati ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyobeba Kiswahili kwa karne nyingi, hatahangaika: aanzie kulia, na picha itasimama sawa.

Picha ikiwa na upana usiogawanyika kwa nane, kila mstari hujazwa mpaka baiti itimie. Picha ya nukta kumi kwenda kulia hutumia baiti mbili kwa mstari, na nafasi sita za mwisho hubaki wazi. Toleo la 10 la X lilitumia namba za biti 16, lakini zama zile kompyuta hazikukubaliana nusu ipi ya namba kama hiyo itangulie kwenye kumbukumbu: VAX ya DEC ilianza na ndogo, mashine zenye chipu ya Motorola 68000 zilianza na kubwa. Toleo la 11 lilitumia baiti ya biti 8. Baiti moja haina nusu za kugombania.

Gharama yake ni ukubwa. Kielekezi cha 16 kwa 16 ni baiti 32 tu za taarifa. Kikiandikwa kwa XBM, kila baiti inachukua tarakimu, alama na nafasi, hata kufikia herufi karibu mia mbili, bado hujaongeza mistari ya juu. Waliilipa gharama hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu walichopata kilikuwa kikubwa zaidi. Faili liliingia kwenye programu kwa agizo moja la kompaila. Lilisafiri ndani ya baruapepe bila kuharibika. Mtu aliyeona sikio la paka kwenye picha yake limepinda aliweza kulinyoosha kwa kubadilisha herufi moja, akitumia kihariri kilekile anachoandikia barua.

Kabati la picha ndogo

Ukisakinisha leo kifurushi kiitwacho xbitmaps kwenye Linux, fungua folda ya /usr/include/X11/bitmaps. Ni kabati la zama zile, na vitu vyake viko palepale vilipowekwa. Humo mna left_ptr, mshale wenyewe, na jirani yake left_ptrmsk, ambayo ni barakoa yake. Kielekezi cha X kilihitaji mafaili mawili: moja la umbo, jingine la kusema ni nukta zipi zionekane na zipi ziache kilicho nyuma kipenye. Barakoa hukatwa kubwa kidogo kuliko umbo, na ile ziada inakuwa ukingo mweupe kuuzunguka mshale mweusi. Bila ukingo huo, mshale ungepotea kila ulipopita juu ya weusi.

Mna flagup na flagdown, picha mbili za sanduku la barua. Kwetu sanduku la posta ni namba kwenye ukuta wa ofisi ya posta, unalifuata mwenyewe na ufunguo wako. Nyumba nyingi za Marekani zina sanduku lao nje, juu ya mguu, na kibendera pembeni. Programu ndogo ya xbiff ilikaa kwenye kona ya skrini ikionyesha sanduku hilo bendera ikiwa chini. Baruapepe mpya ikifika, ililia na kupandisha bendera. Wafanyakazi na wanafunzi wa miaka ile walijua wameandikiwa kwa sababu faili moja la XBM lilipisha jingine.

Mna pia mensetmanus, jina linalotokana na kaulimbiu ya MIT, maana yake "akili na mkono". Na kuna jamii nzima ya nakshi zenye majina ya ufumaji, root_weave, cross_weave, wide_weave. Hizi ndizo zinazonigusa zaidi. Root_weave ni nukta 4 kwa 4, miraba kumi na sita tu, lakini ikirudiwarudiwa kulia na chini inaitandika skrini nzima kwa mfumo unaopishana. Aliyewahi kumtazama bibi akisuka chane kwa chane za mkeka, nyeusi kwa nyeupe, anajua mara moja kinachotendeka: pambo kubwa linazaliwa na hesabu ndogo inayorudiwa bila kukosewa.

Zana nazo zilikuwepo. Programu iliyoitwa bitmap, ambayo toleo lake linalojulikana zaidi ni la Davor Matic wa MIT, ilikupa miraba kwenye skrini uijaze kwa kipanya, kisha ikakuandikia faili. Jim Fulton alitengeneza nyingine mbili, bmtoa na atobm. Ya kwanza iligeuza picha kuwa mistari ya vistari na alama za reli, kistari kwa mraba mtupu na reli kwa mraba uliojaa. Ya pili ilirudisha maandishi hayo kuwa picha. Ungeweza kuchora kwa kibodi peke yake.

Picha ya kwanza ukurasani

Mwanzoni mwa 1993, wavuti ulikuwa ulimwengu wa maandishi. Katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina walikuwa wakiunda kivinjari cha Mosaic, na kompyuta walizoanzia zilikuwa zinatumia X. Tarehe 25 Februari 1993, Andreessen alipendekeza kwa wenzake alama mpya ya kuweka picha ndani ya ukurasa, ile IMG tunayoitumia hadi leo. Katika pendekezo hilo alitaja aina mbili za picha za kuanzia: XBM na ndugu yake XPM. Alitaja kilichokuwa mezani kwake.

Mosaic ilipoenea, XBM ilikuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa kuonekana ndani ya kurasa za wavuti, sambamba na GIF. Na hapo umaandishi wake ulizaa matumizi ambayo waasisi hawakuyakusudia. Mwenye tovuti alitaka kuonyesha ni wageni wangapi wamepita. Kutengeneza GIF kila mgeni anapofika ilikuwa kazi nzito, kwa sababu GIF hubanwa kwa hesabu yake maalumu. XBM ilihitaji programu iwe na maumbo ya tarakimu kumi, iyapange, na kuyachapa kama inavyochapa sentensi. Kihesabu wageni kilikuwa kinaandika picha papo hapo.

Ufundi huohuo ulifikishwa mbali. Mwaka 2002 mchezo uitwao Wolfenstein 5K ulishindanishwa katika shindano ambalo kazi yote haikuruhusiwa kuzidi baiti 5,120. Mchezaji alitembea kwenye vijia vyeusi na vyeupe, na kila alipopiga hatua, msimbo ndani ya kivinjari uliiandika picha nzima upya kwa XBM.

Rangi zilipofika

XBM inajua mambo mawili tu, kuna kivuli au hakuna. Skrini za rangi ziliposhuka bei, haikuweza kuzifuata. Mwaka 1989 huko Ufaransa, Daniel Dardailler na Colas Nahaboo wa kampuni ya Bull walibuni XPM, wakaibakiza njia ya maandishi na kuiongezea rangi: kila herufi inapewa rangi yake, na picha inaandikwa mstari kwa mstari kwa herufi hizo. Kwenye wavuti, GIF, JPEG na baadaye PNG zilichukua uwanja wote. Vielekezi vya X vyenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilipata rangi na vivuli kupitia kazi ya Keith Packard, vikahamia kwenye mafaili ambayo hayasomeki kwa macho.

Kivinjari nacho kina hesabu yake. Kila aina ya picha inayokubaliwa ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Mwaka 2005 iligundulika kwamba faili la XBM lililomalizika kwa nafasi tupu nyingi badala ya alama ya kufungia liliweza kuivuruga kumbukumbu ya Firefox, na ikabidi toleo la 1.0.7 lizibe tundu hilo. Mlango usiopitwa na wengi haulipi mlinzi. Internet Explorer iliufunga mapema, na Firefox ikaufunga katika toleo la 3.6, Januari 2010. Ungedhani historia imefika mwisho.

Skrini ndogo

Haikufika, kwa sababu ulimwengu ulirudi kwenye kompyuta ndogo. Kibao cha Arduino Uno cha awali, ambacho mwanafunzi wa elektroniki hukiunganisha na kipima joto au pampu ya maji, kina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Skrini ndogo inayopendwa kuunganishwa nacho ina nukta 128 kwa 64, kila moja inawaka au imezimika. Hizo ni nukta 8,192, yaani baiti 1,024, nusu ya kumbukumbu yote. Hapo hakuna nafasi ya kufungulia PNG. Kinachohitajika ni picha ya kuwaka na kuzimika, iliyo tayari kuingia kwenye programu ya C.

Ilikuwepo, tangu miaka ya 1980. Maktaba ya U8g2 ya Oliver Kraus, inayoendesha skrini nyingi za namna hii, ina agizo la drawXBM. Programu ya kuchorea ya GIMP bado inahifadhi picha kwa XBM, na bado inakuuliza kama unataka kutaja mraba wa kubofya. Alama ya betri, ya tone la maji, ya antena, zinaandikwa kwa mistari ileile na kwa thamani ndogo ileile kushoto. Namba nane za mshale wetu ningezipeleka kwenye kibao hicho leo bila kubadilisha hata moja.

Nina kazi zangu za miaka ya nyuma nilizozihifadhi kwa programu ambayo haipo tena. Mafaili ninayo, diski nzima, na sioni hata neno moja lililo ndani. Kila ninapojaribu kuyafungua nakutana na alama zisizo na maana, na huzuni yake ni ya mtu aliyefungia barua za wazazi wake kwenye kasha halafu akapoteza ufunguo. Aliyebuni mtindo ule hakuwa na nia mbaya. Hakumfikiria tu mtu atakayekuja kusoma baada yake, bila programu yake.

Vijana wa X, kwa haraka zao na kwa sababu zao za kazi, waliacha kitu kisichohitaji ufunguo. Faili lao linataja upana wake, urefu wake na ncha yake kwa maneno, kisha linatoa hesabu yake hadharani. Kata umeme, ondoa kompyuta, mpe mtu zile namba nane zimeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Achukue daftari la hesabu na penseli. Ya kwanza ni 1: atie kivuli mraba wa kwanza. Ya pili ni 3: atie wa kwanza na wa pili. Atakapomaliza ya nane, mshale utakuwa mbele yake, umelala upande, ncha yake kwenye pembe ya juu kushoto.